Kilichokufa Kawe, Kilichobaki Keko

Mtajie mkazi wa Dar es Salaam jina la Tanganyika Packers na huenda akakumbuka mkutano wa injili kabla ya kukumbuka nyama ya kopo. Viwanja vya Kawe, wilayani Kinondoni, vinavyobeba jina hilo vilikuwa eneo la kiwanda kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ubia wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig ya Uingereza. Kilisindika nyama ya ng'ombe kwa ajili ya soko la nje, kikaingia mikononi mwa umma, kikadhoofika, kikafa. Upande wa pili wa jiji, wilayani Temeke, kata ya Keko haikuwahi kuwa na kiwanda chenye jina kubwa namna hiyo. Ina karakana za samani: mabanda ya mabati yaliyobanana, vumbi la mbao hadi barabarani, vitanda na makabati yakisubiri wateja kando ya Barabara ya Chang'ombe. Kawe ilikuwa na mtaji, mashine, wahandisi na wanunuzi wa ng'ambo. Keko haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na Keko ndiyo iliyobaki. Maelezo tuliyoyazoea ni kwamba mashirika ya umma yaliuawa na uzembe na wizi, na kwamba wadogo waliokolewa na soko huria. Uzembe ulikuwapo, na wizi ulikuwapo. Lakini ukiifuata historia ya viwanda vya jiji hili kwa miongo sita, unakuta sababu iliyo chini ya hizo: biashara iliishi au ilikufa kutegemea imefungamana na nani, na mafungamano hayo yanaelekea wapi. Unakuta pia jambo ambalo watetezi wa sekta isiyo rasmi hawapendi kulisikia, kwamba mafungamano yanayomvusha mtu katika shida huweza kuwa ndiyo yanayomzuia asikue.

Viwanda vya kizazi cha uhuru vilipangwa kwa nia njema na kwa akili ya wakati ule. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliundwa mwaka 1965. Benki Kuu ikafuata mwaka 1966. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na benki binafsi zikataifishwa. Mwaka uliofuata kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi Ubungo, eneo ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa sehemu ya Kinondoni. Kiwanda cha zana za kilimo, UFI, nacho kikajengwa Ubungo kwa msaada wa Wachina hao hao, kikifua majembe. Vilikuwa viwanda vya kweli, vyenye maelfu ya wafanyakazi kwa ujumla wake, vyenye zahanati na timu za mpira. Tatizo lilikuwa mahali kamba zao zilikofungwa. Kila kiwanda kilifungwa kwa kamba ndefu iliyokwenda juu: wizara mama, shirika hodhi, benki moja ya biashara, leseni ya kuagiza nje, kampuni ya biashara ya mkoa iliyosambaza bidhaa. Kwenda pembeni, kwa jirani, kamba zilikuwa chache mno. Kinu cha nguo na kiwanda cha majembe vilikuwa majirani Ubungo, lakini mpango haukuvitaka viwe na la kuuziana wala la kufundishana. Vyote viwili vilitazama juu.

Halafu miaka mibaya ikaja kwa mfululizo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Mwaka 1978 Idi Amin akaivamia Kagera, na vita vikala fedha zilizokuwapo na ambazo hazikuwapo. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda duniani. Bei nzuri ya kahawa ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha kushuka, kwa hiyo fedha za kigeni zilikauka. Hapo ndipo umbo la mafungamano lilipojionyesha. Beringi ikivunjika kiwandani, meneja hakuwa na fundi wa mtaani wa kumkimbilia. Alikuwa na barua ya kuandika. Barua ilipanda hadi wizarani, ikapanga foleni ya kugawiwa fedha za kigeni, na mashine ikasubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vingi nchini vilikuwa vikizalisha chini ya theluthi ya uwezo wake. Usukumani pamba ililimwa, Dar es Salaam watu walipanga foleni ya khanga, na katikati yao mashine zilisimama kwa kukosa vipuri. Kifundo kilichofunguka kilikuwa kimoja tu, fedha za kigeni. Lakini kwa kuwa kamba zote zilipitia kwenye kifundo hicho, zote zililegea pamoja. Menejimenti bora ingepunguza hasara. Isingebadili ukweli kwamba kiwanda hakikuwa na njia ya pili.

Haitakuwa haki kusema kwamba serikali haikuliona hili. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na katika nusu ya pili ya muongo huo SIDO ikaingia katika mpango na Sweden ambao, kwa maoni yangu, ni jaribio la kuvutia kuliko mengi ya zama zile. Uliitwa mpango wa viwanda dada: kampuni ndogo ya Sweden inaunganishwa na kampuni changa ya Tanzania, dada mkubwa anatoa mashine, michoro, mafunzo na ushauri, dada mdogo anazalisha. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Kiwanda hujifunza kwa kiwanda kingine kuliko kinavyojifunza kwa waraka. Vingine kati ya viwanda hivyo vilitoa mafundi na bidhaa ambazo nchi haikuwa nazo. Hata hivyo dada alikuwa mbali, na malighafi na vipuri vyake vilitoka huko huko mbali, kwa fedha zile zile za kigeni. Msaada ulipopungua, uhusiano ukapungua nao. Mpango ulifunga kamba nzuri kati ya Tanzania na Sweden, ukaacha kazi ya kufunga kamba kati ya karakana mbili za mtaa mmoja wa hapa nyumbani ifanywe na wenye karakana wenyewe. Na kazi hiyo wenyewe waliifanya, ila katika mazingira ambayo hakuna mpangaji angeyachagua.

Mazingira hayo yalikuwa ya kushukiwa. Machi 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi aonyeshe kazi inayotambulika. Mshahara nao ulikuwa umekwisha thamani. Mwanasayansi wa siasa Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuta kaya ambazo sehemu kubwa mno ya kipato chake ilitoka kwenye miradi ya pembeni: maandazi, ushonaji, kuku, useremala. Alikuta pia vikundi vya upatu vya wanawake vikifanya kazi ambayo benki haikuifanya. T. L. Maliyamkono na M. S. D. Bagachwa walipochapisha kitabu chao kuhusu uchumi wa pili mwaka 1990, walikuwa wakiandika juu ya jambo ambalo kila mtumishi wa umma alilijua kwa kulitenda jioni. Mwaka 1984 serikali ililegeza uagizaji wa bidhaa, na mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Biashara hizi hazikungoja ruhusa. Ilipokuja, ilizikuta zimekwisha zoeana. Inafaa kukumbuka zilizoeana vipi. Watu wasioweza kwenda mahakamani, kwa sababu biashara yao haijaandikwa popote, hawana dhamana nyingine zaidi ya kujuana. Kule Gerezani mafundi chuma walijipanga katika ushirika uliojulikana kwa kifupi kama DASICO. Keko mafundi mbao walijipanga kwa namna isiyo na jina wala muhuri, na ndiyo namna inayostahili kutazamwa kwa karibu.

Chukua kitanda kimoja cha futi tano kwa sita. Mbao, kama mteja ni wa kipato cha kati, ni paini iliyotoka Mafinga katika mashamba ya Sao Hill. Kama ni mtu wa kutaka mninga, zimetoka mbali zaidi, Tabora au Katavi, au kusini ng'ambo ya Rufiji. Muuza mbao anazo kwenye yadi. Fundi aliyepokea oda na advansi hana mashine ya kuranda, kwa hiyo anazipeleka mbao kwa mwenye mashine, ambaye huishi kwa kuwapasulia na kuwarandia wengine kwa malipo ya kila kipande. Miguu inakwenda kwa mkerezaji, anayekereza kutwa nzima na hajawahi kuunga kitanda kizima. Fundi anaunga, anapiga msasa, kisha anamwachia kijana wa vanishi. Kama kichwa cha kitanda kina sponji na kitambaa, kuna fundi sofa wa jirani. Kuna mwenye fremu barabarani anayeuza kwa niaba ya watatu au wanne walio ndani, kuna dalali aliyemleta mteja, na mwishoni kuna kirikuu ya kukipeleka kitanda Mbagala au Tegeta. Ukimuuliza mteja nani amemtengenezea, atataja jina moja, na hatajua kwamba kitanda chake kimepita katika biashara saba au nane, kila moja ikiwa na mwenyewe, madeni yake na wateja wake wengine. Kiwanda cha Kawe kilikuwa na idara. Keko idara hizo zipo, isipokuwa kila idara ni biashara ya mtu.

Kinachoziunganisha idara hizi ni mali kauli. Muuza mbao anatoa mzigo leo, analipwa kitanda kikiuzwa. Mwenye mashine anaandika kwenye daftari. Fundi aliyepata oda ya meza ishirini naye ana benchi mbili anawagawia majirani, na mwezi ujao majirani wanamgawia yeye. Mteja akichelewa kulipa, uchelewaji haumwangukii mtu mmoja; unagawanyika katika daftari tano na kila mmoja anaubeba kidogo. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006, ukame ulipolikausha bwawa la Mtera, na ule wa mwaka 2011, ulikuwa mtihani mkubwa kwa kazi ya aina hii. Ulipunguza kipato cha kila mtu. Lakini eneo ambalo randa ya mkono bado inajulikana, na ambamo jenereta moja inaweza kuwahudumia wote wanaozunguka mashine moja, lina njia ya pili na ya tatu. Hapa ndipo tofauti na Kawe ilipo. Keko ni maskini kuliko Kawe ilivyokuwa, ila hakuna mahali pamoja ambapo pakikatika, pote panasimama.

Wazo hili lina nasaba ndefu. Mwanauchumi Alfred Marshall, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alieleza jinsi wafua visu wa Sheffield na wafumaji wa Lancashire walivyonufaika kwa kukaa pamoja: ujuzi ulienea bila kufundishwa rasmi, na kazi za kusaidia zikazaliwa kuuzunguka ufundi mkuu. Karibu na kwetu, Dorothy McCormick alilinganisha mikusanyiko ya biashara ndogo barani Afrika, ikiwamo mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi na magereji ya Suame kule Kumasi, na katika makala yake ya mwaka 1999 akaonyesha kwamba mikusanyiko hiyo haifanani: mingine hutoa soko na riziki tu, mingine hufikia hatua ya kuwa kiwanda cha kweli. Naye James T. Murphy, aliyewachunguza wazalishaji wa Mwanza, alitoa mwaka 2002 hoja ambayo wapangaji wa Dar es Salaam wangefaidika kuisoma mara mbili. Kuaminiana na majirani kuna faida, lakini ubunifu uliwafuata zaidi wale waliokuwa na watu wa kuaminiana nao nje ya mzunguko wa kila siku. Ukimjua fundi mwenzako tu, utajua anachokijua yeye, na yeye alikijua kutoka kwako.

Kuna anayeweza kusema kwamba yote haya ni mapambo. Keko imebaki kwa sababu jiji limekua, basi. Hoja hii ina uzito. Sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam kuwa karibu milioni 2.5, mwaka 2012 wakawa milioni 4.36; mwaka 2022 wakafika milioni 5.38. Kila kaya mpya inataka kitanda. Lakini watu hao hao ndio waliowavutia waagizaji wa samani za Kichina na za Malaysia, zinazoingia kwa makontena bandarini Kurasini, kilomita chache kutoka Keko, na kuuzwa katika maduka yenye kiyoyozi. Ongezeko la wateja haliamui nani atawahudumia. Nguo ilihitajika zaidi kuliko vitanda katika miaka hiyo yote, na viwanda vyetu vya nguo viliyumba vibaya mbele ya mitumba na vitenge vya kuagizwa. Keko ilihimili kwa kuwa inaweza kutengeneza kipimo chochote, kwa bei ya kujadiliana, kwa muda mfupi, bila kuweka akiba ya bidhaa inayokula mtaji. Uwezo huo ni wa mtandao mzima. Fundi mmoja mwenye benchi moja hana uwezo huo, hata awe hodari vipi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mbona kuna wakubwa waliopona? Kiwanda cha sigara cha TCC kipo Chang'ombe tangu mwaka 1961, hatua chache kutoka Keko, na kimepita katika utaifishaji na ubinafsishaji kikiwa hai. Bia nayo ilipona. Naona mifano hii inaithibitisha hoja badala ya kuivunja. Kampuni ya bia ilipopata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993, na TCC ilipochukuliwa na R. J. Reynolds mwaka 1995, kilichokuja pamoja na fedha kilikuwa mahusiano: wauzaji wa vipuri, maabara, wanunuzi, mafundi wa kuazimwa kutoka viwanda vingine vya kampuni hizo duniani. Kamba ya juu iliyokatika ilibadilishwa kwa kamba nyingi za pembeni, ingawa zote zilikwenda ng'ambo. Kati ya mashirika ya umma karibu 400 ambayo tume ya kurekebisha mashirika, iliyoundwa miaka ile ya mwanzo ya 1990, ilipewa kuyashughulikia, mengi hayakupata mahusiano ya namna hiyo. Yaliyopata mnunuzi wa majengo tu yakageuka maghala.

Sasa tufike mahali ambapo mtandao hausifiki. Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na kwa mara ya kwanza misitu ya kusini ikaunganishwa na Dar es Salaam bila kivuko. Biashara ya magogo na mbao ikalipuka. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007, iliyoandikwa na Simon Milledge na wenzake, ilieleza jinsi wafanyabiashara, wasafirishaji na baadhi ya watumishi wa serikali walivyofungamana hata kufikia kupotea kwa hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ilistahili kuyapata kutokana na mazao hayo. Huo nao ulikuwa mtandao wa biashara, wenye kuaminiana, mali kauli na kila kitu. Sehemu kubwa ya magogo ilikwenda China, kwa hiyo mafundi wa Temeke wasibebeshwe lawama yote. Lakini jiji lenyewe halina mikono safi. Utafiti wa Antje Ahrends na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 ulipima uharibifu wa misitu kuanzia 1991 hadi 2005, ukaona wimbi likisogea kutoka Dar es Salaam hadi kilomita 120 katika miaka 14: kwanza zinatoweka mbao za thamani, kisha mbao hafifu, kisha unafuata mkaa. Kila mninga uliosogea mbali ulipandisha bei ya kitanda Keko. Mtandao unaojua kugawana hasara ndani yake ni hodari vilevile wa kuisukumia nje, kwa msitu wa Rufiji ambao haumo kwenye daftari la mtu. Na hata ndani si wote wanakaribishwa. Kujuana kwa ukoo, kwa kijiji ulikotoka au kwa tajiri aliyekufundisha kazi kunamfungulia huyu na kumfungia yule. Mwanamke anayetaka kuwa fundi, na si muuzaji tu, hulijua hilo mapema.

Basi kwa nini Keko, iliyopona mengi, haikuzaa kiwanda kikubwa? Mwaka 2016 unatoa jibu lililo wazi kuliko nadharia. Baada ya elimu bila ada kuwajaza watoto madarasani, Rais John Magufuli aliagiza uhaba wa madawati umalizwe kabla ya Julai. Dawati ni mbao na chuma, vitu viwili ambavyo mafundi wa Dar es Salaam wanavijua kuliko chochote. Aprili mwaka huo Bunge lilikabidhi shilingi bilioni 6 zilizotokana na kubana matumizi, na kazi ya fedha hizo wakapewa JKT na Magereza. Halmashauri na wafadhili nao waliwatafuta maseremala huku na huko, hilo lisifichwe. Lakini oda kubwa ya mkupuo ilikwenda kwa taasisi yenye mtu mmoja wa kusaini. Keko ingeweza kuyatengeneza madawati hayo. Hakuwapo wa kuandikiana naye mkataba, wa kusimamia kipimo kiwe kimoja katika karakana hamsini, wala wa kutoa risiti. Tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika mwaka 2010, taasisi yoyote kubwa inayonunua inataka risiti ya kielektroniki, na karakana isiyo nayo inabaki na wateja wa mtu mmoja mmoja. Kauli inatosha kati ya watu mia wanaoonana kila siku. Haimtoshi afisa manunuzi wa chuo kikuu, ambaye mkaguzi atamuuliza.

Zipo sheria zilizokusudia kuliziba pengo hili. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri zinatakiwa kutoa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kama mikopo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, kisha ukarudishwa mwaka uliofuata. Tatizo lake linaonekana ukiutazama kutoka Keko. Sheria inakitaka kikundi, na kikundi kinaundwa ili kipate mkopo: vijana kadhaa wenye kitambulisho, katiba na akaunti. Wale wanaofanya kazi pamoja kweli, yaani muuza mbao mwenye miaka hamsini, mkerezaji, mwenye mashine na fundi sofa, hawaingii katika fomu, kwa kuwa umri wao, jinsia zao na leseni zao havifanani. Serikali imekuja kukopesha mahusiano, lakini inayakopesha yale yaliyozaliwa na fomu.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wameonyesha kwamba mafungamano ya mtaani yanaweza kupanda juu. Mei 2023 walifunga maduka wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, na siku ya pili baada ya mgomo kuanza Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza. Walikuwa na jumuiya, walikuwa na msemaji, na walikuwa na kitu ambacho fundi wa Keko hana: wanunuzi kutoka Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura waliosimama mlangoni. Kariakoo ikifunga, nchi tatu zinahisi. Keko ikifunga, bwana harusi anaahirisha kununua kabati. Nguvu ya Kariakoo imetokana na umbali wa mahusiano yake, na hilo linarudi kulekule kwa Murphy na Mwanza.

Swali hili halitabaki la vitabuni, kwa sababu ardhi ya Keko inapanda bei. Awamu ya pili ya mabasi yaendayo haraka, kilomita 20.3 kuelekea Mbagala, imepita Barabara ya Kilwa na pia imeigusa Barabara ya Chang'ombe. Oktoba 2021 jiji lilikwisha kuwaondoa wamachinga pembezoni mwa barabara na kuwapeleka maeneo yaliyotengwa, na kila mara mipango ya namna hiyo inapogusa mafundi, kinachohesabiwa ni vibanda: vingapi vipo, vingapi vinahitajika kule vinakokwenda. Hesabu ya vibanda ni rahisi na inaridhisha kwenye karatasi. Haisemi kwamba muuza mbao amebaki upande mmoja wa jiji na mashine ya kuranda imehamia upande mwingine, kwamba nauli ya kirikuu kati yao sasa ni sehemu ya bei ya kila kitanda, wala kwamba muuza mbao hatamwachia mzigo kwa mali kauli mtu ambaye hatamwona kesho asubuhi. Mafundi watakaopewa kibanda chenye sakafu ya zege, umeme wa uhakika na namba ya mlipakodi watakuwa wamepewa yote ambayo Kawe ilikuwa nayo. Kama mwenye mashine, mkerezaji na muuza mbao watahamishwa nao siku hiyo hiyo, mtaa huo huo, huo ndio utakuwa mpango wa kwanza wa viwanda katika jiji hili kuijua Keko ilivyo.